Kadi, Uno au wahedi wa sitini: karata za familia ziwe zipi?

Umeme umekatika, simu zinakaribia kuzima, na watu sita wameshakaa mkekani. Watoto wanataka Uno kwa sababu ndiyo wanayoijua. Mjomba aliyekulia Nairobi anasema tucheze kadi. Bibi, mtu wa Tanga, anauliza kwa nini wahedi wa sitini hautajwi. Wote wana hoja, na uchaguzi huu si mdogo: mchezo usiofaa unawafanya wakubwa wasinzie, wadogo walie, au wote wagombanie kanuni mpaka pakiti irudishwe kabatini.

Hapa nimeiweka michezo hii mitatu bega kwa bega. Yote unaweza kuanza kuicheza jioni ileile unayofundishwa. Inachotofautiana ni kazi inayompa mchezaji anapokaa na karata zake mkononi. Uno inaiachia bahati sehemu kubwa. Kadi inakutaka upange karata zako za mwisho kabla hazijawa za mwisho. Wahedi wa sitini unakutaka ukumbuke kilichopita na uhesabu. Ukishajua familia yako inafurahia kazi ipi kati ya hizo, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Vigezo nilivyotumia

Kwanza, nani anakaa mezani: wangapi, na mdogo wao ana umri gani. Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote, kwa sababu mchezo wa familia unaomwacha mmoja nje si wa familia. Pili, ugumu wa kujifunza. Tatu, mbinu: je, anayecheza vizuri anashinda mara nyingi zaidi, au mtoto wa miaka sita anaweza kumshinda baba yake usiku wowote? Nne, vifaa na muda. Tano, ugomvi: kanuni zipi hutofautiana nyumba na nyumba, maana hapo ndipo kelele huanzia.

Kuna kigezo cha sita ambacho hakihusu mchezo wenyewe. Zipo nyumba, hasa pwani lakini si pwani tu, ambako karata za kawaida haziingii kwa sababu zinahusishwa na kamari. Wazee wakisema hivyo, yaheshimuni. Waulizeni kwanza kama kinachowakera ni kamari au ni karata zenyewe. Majibu hutofautiana, na wapo wanaokubali Uno lakini hawakubali pakiti yenye wafalme na malkia.

Kadi

*Inavyochezwa.* Kenya huitwa kadi, na wengi huiita poka pia, ingawa haihusiani na poka ya kamari. Tanzania ndugu yake ni lasti kadi. Nitaeleza ile ya Kenya kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi zaidi, na anayeimudu hii hatapata tabu na nyingine.

Pakiti ni karata 52 na jokeri mbili. Kila mtu anagawiwa nne (wengine hugawa tatu). Karata ya juu ya fungu hufunuliwa; ikiwa ni yenye nguvu, inarudishwa, inafunuliwa nyingine mpaka itoke ya kawaida. Zamu yako ikifika unaweka karata inayofanana na ya juu kwa namba au kwa aina, yaani shupaza, kopa, uru au pau. Huna? Unaokota moja na zamu inapita.

Utamu uko kwenye karata zenye nguvu. 2 humfanya anayefuata aokote mbili, 3 aokote tatu, jokeri tano. J inamruka mtu mmoja. K inageuza mwelekeo wa zamu. Q na 8 ni maswali: ukiliweka swali lazima ulijibu mwenyewe papo hapo kwa karata ya aina ileile, au kwa swali lingine linaloendana nalo, na usipokuwa na jibu unaokota. A ina kazi mbili: inakuwezesha kuomba aina unayoitaka, na inazuia adhabu. Ukirushiwa 3 na una A, unaiweka, na huokoti kitu.

Zilizobaki, yaani 4, 5, 6, 7, 9 na 10, ni karata za kawaida, na kanuni inayoubeba mchezo mzima ni hii: unamaliza kwa karata ya kawaida tu. Kabla ya hapo, zamu inayotangulia ile ya kumalizia, lazima utangaze: "Niko kadi." Usipotangaza huwezi kumaliza, hata kama karata zako zote zinaingia.

*Mbinu.* Hesabu kwanza. Pakiti ina karata 54, na za kumalizia ni 24 tu, chini ya nusu. Mchezaji mgeni hufurahia 2 na J mkononi kwa sababu zinaumiza wengine, kisha anazitunza kama akiba. Anafika mwisho akiwa na J na 3, hawezi kumaliza, anaanza kuokota upya. Karata zenye nguvu zitumike katikati ya mchezo. Za kawaida mbili tatu zitunzwe, ikiwezekana za aina moja.

Maswali ndiyo yanayowatenganisha wachezaji wazuri na wengine. Chukua mfano huu. Mkononi una 8 ya shupaza, Q ya shupaza na 5 ya shupaza, na umeshatangaza. Juu ya fungu kuna 9 ya shupaza. Zamu yako inafika: unaweka 8, ni swali; unaliwekea Q, swali juu ya swali; unajibu kwa 5. Karata tatu zimetoka kwa zamu moja na umemaliza. Mtu aliyekuwa na karata tatu alionekana yuko mbali. Kumbe alikuwa amefika. Ndiyo maana katika kadi idadi ya karata za mwenzako haikuambii kila kitu, na ndiyo maana kutangaza ni lazima.

Swali lisilo na jibu, kwa upande mwingine, ni mzigo. 8 ya pau bila pau nyingine mkononi usiikimbilie kuitoa. Subiri upate jibu lake, au itumie pale tu ambapo kuokota moja ni nafuu kuliko kukaa nayo.

A usiitoe mapema kwa kuomba aina ambayo ungeweza kuifikia kwa njia nyingine. Ngao ina thamani kubwa mtu aliye kabla yako anapokuwa na karata nyingi, maana huko ndiko 3 na jokeri zinakotoka. Lakini pia usizeeke nayo, kwa kuwa haimalizii.

Na mtazame sana anayekufuata. Akisema "niko kadi", kazi yako imebadilika: mrushie 2 au 3 kama unayo, mruke kwa J, geuza kwa K, au omba kwa A aina ambayo dakika chache zilizopita uliona akiiokotea kwa kukosa.

*Inamfaa nani.* Watu watatu mpaka watano. Mtoto wa miaka minane hivi anaimudu vizuri baada ya raundi chache za kucheza na karata wazi. Mdogo zaidi ya hapo hukwama kwenye maswali. Vijana huipenda kupita michezo yote niliyoitaja, kwa sababu ina kulipizana, ina kelele, na bado anayefikiri hushinda mara nyingi kuliko asiyefikiri. Wakizidi sita, fungu linaisha upesi kwa adhabu. Changanyeni pakiti mbili.

*Vifaa na muda.* Pakiti moja ya karata za kawaida, ya duka lolote. Raundi moja huwa ya dakika chache, ingawa adhabu zikifuatana inaweza kurefuka.

*Ugomvi.* Hapa kadi ina kasoro kubwa. Haina kitabu cha kanuni kinachokubaliwa na wote, na binamu aliyetoka Kisumu atakuja na zake, wa Mombasa na zake. Je, 2 juu ya 2 zinajumlishwa ziwe nne kwa anayefuata? Jokeri inawekwa juu ya chochote? Unaruhusiwa kuweka 6 tatu kwa mpigo? A ya shupaza inaomba aina tu, au unaweza kuomba karata kamili, tuseme "10 ya kopa"? Mtu akibaki bila karata mkononi bila kushinda, wengine wanaweza kumaliza? Jibuni maswali haya matano kabla ya kugawa, myaandike kwenye karatasi, na karatasi ikae ndani ya boksi la karata. Nyumba zinazofanya hivyo hucheza kwa amani kwa miaka.

Uno

*Inavyochezwa.* Uno ilibuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading, Ohio, Marekani, na sasa ni mali ya kampuni ya Mattel. Ni ndugu wa damu wa kadi: unaoanisha rangi au namba, na anayebaki bila karata ameshinda. Tofauti ni kwamba ina pakiti yake yenyewe.

Pakiti ya asili ina karata 108 za rangi nne: nyekundu, njano, kijani na bluu. Kila rangi ina 0 moja, kisha 1 mpaka 9 mbilimbili, na karata mbilimbili za kuruka, kugeuza na kuokotesha mbili. Juu yake kuna karata nne za kubadili rangi na nne za kubadili rangi pamoja na kuokotesha nne. Kila mchezaji hupewa saba. Asiye na ya kuweka anaokota moja, na ikiingia anaweza kuiweka palepale. Ukibakiwa na moja unasema "Uno!"; ukinyamaza na ukashikwa kabla anayefuata hajaanza zamu yake, unaokota mbili.

Tofauti na kadi, Uno inaruhusu kumaliza kwa karata yenye nguvu. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya mipango.

*Mbinu.* Zipo, ingawa hazina kina cha kadi. Ukipata nafasi ya kubadili rangi, chagua uliyo nayo nyingi, si unayoipenda. Mtu akiokota ilhali juu kuna njano, ujue huenda wakati ule hakuwa na njano. Rudisha njano anapobakiwa na karata mbili. Mkiwa wawili tu, karata ya kugeuza hufanya kazi ya kuruka, kwa hiyo unapata zamu tena. Ziwekeni kwa mfululizo.

Karata ya kubadili rangi ni nzuri kuibakiza mwisho kwa kuwa inaingia juu ya chochote. Mnapocheza kwa pointi, lakini, uamuzi unakuwa mgumu: anayeshinda raundi huhesabiwa karata zilizobaki mikononi mwa wengine, namba kwa thamani yake, za kuruka, kugeuza na kuokotesha mbili kwa pointi 20 kila moja, na za kubadili rangi kwa 50. Anayefikisha 500 kwanza ndiye mshindi. Ukikutwa na mbili za 50 umempa mwenzako pointi 100 bure.

Kuna kanuni moja ambayo meza nyingi hazijawahi kuisikia, na inaubadilisha mchezo. Karata ya kuokotesha nne huruhusiwi kuiweka kama unayo karata ya rangi iliyo juu. Aliyewekewa anaweza kudai: "Nionyeshe." Ukionekana ulikuwa na rangi ile, unaokota wewe zile nne. Ukiwa huna, mdai anaokota sita. Ichezeni hivi na ghafla kuna kusomana nyuso, jambo ambalo Uno ya kawaida inalikosa.

*Inamfaa nani.* Meza yenye watu wengi na umri uliochanganyika. Inachukua wawili mpaka kumi. Kampuni inaiandikia miaka saba na kuendelea, ila mtoto anayezijua rangi na namba anaweza kuanza mapema akikaa na mkubwa. Mgeni asiyejua karata yoyote, hata asiyezungumza lugha moja nanyi, anaelewa kwa kutazama raundi moja. Kwa familia zetu zinazoishi Uingereza, Marekani au Ghuba, ambako watoto wanaleta marafiki nyumbani, hilo si jambo dogo.

Asiyefaidi Uno ni mtu anayependa kufikiri. Mkubwa makini atacheza raundi tatu, ataona kwamba mwanawe wa miaka saba anamshinda sawasawa, na ataanza kutafuta simu. Kwa mtoto, kushinda mara kwa mara ndiko kunakomfanya arudi mezani kesho. Uamuzi unategemea unamtafutia nani raha.

*Vifaa na muda.* Lazima ununue pakiti yake. Nakala za bei nafuu zimejaa mitaani, na nyingi karata zake ni laini mno, zinajikunja baada ya wiki chache za mikono ya watoto. Raundi moja ni fupi. Kufika 500 kunaweza kumaliza jioni nzima.

*Ugomvi.* Ni mchache, kwa kuwa kanuni zinakuja ndani ya boksi. Ugomvi mkubwa ni kurundika +2 juu ya +2. Kanuni rasmi haziruhusu: ukiwekewa, unaokota na zamu yako imepita. Familia nyingi zinarundika, na hakuna ubaya ikiwa mmekubaliana, ila mjue mtoto wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayeokota nane.

Wahedi wa sitini

*Inavyochezwa.* Huu ni mchezo wa aina nyingine kabisa. Hushindani kumaliza karata. Unashindania pointi, na jina limeshakwambia unahitaji ngapi: 61. Ni mchezo wa baraza za pwani na visiwani, na hesabu yake ni ileile ya Sueca na Bisca, michezo ya karata ya Wareno.

Ondoa 8, 9 na 10 zote. Zinabaki karata 40. (Ukikuta meza inayoondoa na 2 pia, usishangae, pointi hazibadiliki.) Nguvu ya karata katika kila aina, kutoka juu kushuka, ni: ree, seti, basha, ghulamu, bibi, kisha 6, 5, 4, 3, 2. Ree, ile A, ina pointi 11. Seti, ambayo ni 7, ina 10. Basha, yaani mfalme, 4. Ghulamu, ile J, 3. Bibi 2. Zilizobaki ni magarasa, hazina kitu. Angalia mambo mawili ambayo humpotosha mgeni: 7 inampiga mfalme, na ghulamu anampiga bibi.

Kila aina ina pointi 30, zote nne 120. Nusu ni 60, kwa hiyo mwenye 61 ameshashinda, hata kama karata hazijaisha.

Wachezaji wawili: kila mmoja anapewa tatu, inayofuata inafunuliwa na kuwekwa chini ya fungu, ichungulie. Aina yake ndiyo turufu. Mmoja anaweka karata, mwenzake anajibu. Ya juu zaidi katika aina iliyotangulia inakula. Turufu inakula aina nyingine yoyote. Mlaji anaokota kwanza kutoka fungu, mwenzake anafuata, na mlaji ndiye anayetoa tena. Kwa namna ninayoieleza hapa hulazimiki kufuata aina, unaweka unachotaka. Wanne wanacheza wawili kwa wawili, wenza wakikaa kuelekeana. Watatu wanaondoa 2 moja zibaki 39, kila mtu kivyake, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

*Mbinu.* Hapa ndipo mchezo huu unapowaacha wengine mbali, na nitakaa kidogo.

Jambo la kwanza: ree nne na seti nne zina pointi 84 kati ya 120. Mchezo mzima ni wa karata nane. Kila unachofanya na magarasa ni kutafuta njia ya kuzila hizo nane au kuziokoa.

Seti ndiyo inayopotea zaidi mikononi mwa wanaojifunza. Tuseme turufu ni kopa, na mkononi una seti ya uru, 4 ya pau na ghulamu wa kopa. Ukianza wewe kwa kutoa seti, mwenzako mwenye ree ya uru anakula pointi 21 kwa mpigo, zaidi ya theluthi ya 61 anazozihitaji. Asipokuwa nayo, hata 2 ya kopa inamtosha kula 10 zako. Kwa hiyo unatoa 4 ya pau na kusubiri. Zamu ikigeuka, mwenzako akatoa basha wa uru, wewe ndiye wa mwisho kuweka, hakuna atakayekufuata. Sasa ndiyo saa ya seti: unakula 4 zake na kuziweka salama 10 zako. Karata ileile, dakika mbili baadaye, imegeuka kutoka hasara kuwa 14.

Kanuni inayotokana na hapo: toa garasa unapoanza, toa utajiri unapomalizia.

Ghulamu wa kopa usimtoe kula bibi mwenye pointi 2. Turufu ziko kumi tu, na kila inayotoka ihesabu. Ikibaki moja na unajua iko kwa nani, unacheza ukiwa unaona.

La pili, la wanne: kumtilia mwenzako. Mwenza wako ameweka ree, wapinzani wote wameshaweka, na umebaki wewe. Usitupe garasa. Tia seti uliyokuwa unaihofia, hata kama ni ya aina nyingine. Inakwenda kwenye fungu lenu. Wachezaji wanaojuana hutiliana bila kutazamana, na kuona jambo hilo linafanyika kati ya bibi na mjukuu ni raha kubwa.

La tatu ni la mwisho wa fungu, wakiwa wawili. Karata 34 za fungu huokotwa mbilimbili, mara 17. Katika ule uokotaji wa mwisho, mlaji anachukua karata iliyofichwa, na aliyeliwa anachukua turufu iliyofunuliwa tangu mwanzo. Ikiwa turufu ile ni ree au seti, inafaa kushindwa kwa makusudi mzunguko huo: toa garasa, mwache mwenzako ale pointi mbili tatu, wewe uokote ree ya turufu. Anayelijua hili na asiyelijua hawako mchezo mmoja.

*Inamfaa nani.* Wawili au wanne, kuanzia miaka kumi hivi. Kati ya hii mitatu ndio pekee ulio mtamu kweli kwa watu wawili. Wazee wa pwani wengi wanaujua tangu utotoni, kwa hiyo mtoto anayejifunza anapata mwalimu ndani ya nyumba. Na unamfundisha hesabu za kujumlisha kichwani bila kumwambia kuwa ni hesabu: 11 na 4, na 3, nimefika 47, bado 14.

Haufai meza ya watu sita, wala mtoto ambaye bado anauliza kwa nini 7 inamla mfalme. Na anayesahau karata zilizopita ataupata mgumu.

*Vifaa na muda.* Pakiti ileile ya kadi inatosha. Wakiwa wawili ni mizunguko 20, wakiwa wanne ni 10, kwa hiyo mchezo mmoja hauchukui muda. Watu hucheza kadhaa na kuhesabu nani ametangulia.

*Ugomvi.* Kiasi. Amueni kama kufuata aina ni lazima fungu likiisha, 60 kwa 60 inahesabiwaje, na kama kukonyezana kati ya wenza ni halali. Zipo baraza zinazoona ishara kuwa sehemu ya ufundi, na zipo zinazoziona wizi.

Zikiwekwa pamoja

Kwa wepesi wa kufundishwa, Uno inatangulia, kadi inafuata, wahedi wa sitini mwisho. Kwa nafasi ya akili kushinda bahati, geuza mpangilio huohuo. Kwa idadi, Uno inachukua wengi, kadi inakaa katikati, wahedi unapenda wawili au wanne. Kwa pesa, kadi na wahedi vinashirikiana pakiti moja. Uno inataka yake. Kwa utulivu wa kanuni, Uno ni bora, na kadi ndiyo inayohitaji mazungumzo marefu kabla ya kuanza.

Kitu kimoja hakipimiki kwa vigezo hivyo: sauti ya mezani. Uno na kadi zina makelele na kulipizana. Wahedi wa sitini huenda kimya, kisha kishindo pale seti inapoliwa. Familia inayotaka kuongea mambo yake huku ikicheza itaona Uno inaruhusu. Kwenye wahedi anayeongea sana anapoteza hesabu.

Uchague upi, kwa hali yako

Mdogo wenu ana miaka sita au chini: Uno, bila pointi. Siku za mwanzo acheni karata zake zikae wazi mbele yake na mmoja amsaidie kuchagua. Mkiona kuokotesha nne kunamliza, toeni zile nne. Mchezo unakwenda bila hizo.

Binamu wa miaka minane mpaka kumi na tano wamekusanyika kwa likizo: kadi. Wapeni ile karatasi ya kanuni na mmoja wao awe mwamuzi wa kudumu wa siku hiyo.

Mko wawili, mume na mke au ndugu wawili jioni: wahedi wa sitini.

Wakubwa wanne wanaopenda kushindana: wahedi tena, wawili kwa wawili. Kama wawili hawaujui, mgawe kila mgeni na mjuzi mmoja, msiwaweke wageni pamoja.

Mko saba, nane, na wageni hamjawazoea: Uno. Kadi ya watu wanane kwa pakiti moja itawachosha kwa kusubiri zamu.

Hakuna pesa ya kununua kitu kipya: pakiti ya kawaida inawapa kadi na wahedi wa sitini, na zile 8, 9 na 10 mnazoziondoa zikae pamoja kwa mpira wa kufungia ili zisipotee kabla ya kadi ya kesho.

Watoto wanaokulia nje na Kiswahili chao kinasinyaa: kadi, kwa sharti kwamba kila kitu kinasemwa kwa Kiswahili, kuanzia "naomba kopa" mpaka "nimekuruka, nimegeuza, niko kadi". Babu au bibi akiwepo, mwishoni mwa jioni abaki na mjukuu mmoja mkubwa kwa wahedi wa sitini. Michezo miwili ya kwanza wacheze karata wazi, babu akieleza kila anachotoa na kwa nini. Wa tatu zifichwe.